Gunia la sakafuni: tuliyojifunza kuhusu mgongo katika stoo ya mahindi Busia

Gunia lililomtegua mwenzetu mgongo halikuwa zito kuliko mengine. Ilikuwa Julai, mahindi ya msimu wa kwanza yanaingia Busia, upande wa Uganda, kutoka Iganga, Bugiri na Kamuli, malori matatu yamepanga foleni nje ya stoo, na tangu alfajiri watu sita walikuwa wameshusha magunia yanayokaribia mia tatu. Yote hayo waliyapokea mgongoni wakiwa wamesimama wima nyuma ya bodi ya lori. Hilo moja lilianguka asubuhi, likasukumwa kando ya ukuta, likasahaulika. Taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, akamwambia, "Kaka, kuna moja limebaki pale." Akaenda, akainama, akalishika masikio mawili, akalivuta, na kabla halijaachana na sakafu akajipinda kushoto kuelekea kwenye mizani. Akabaki vile vile alivyoinama, mkono mmoja juu ya gunia, mwingine kiunoni, hawezi kunyooka wala kukaa. Alichoweza kusema ni, "Lakini hili ni hamsini tu."

Misimu kadhaa imepita tangu siku hiyo, na stoo imebadilika sana. Mabadiliko yalichelewa, yaligharimu, na mengi ya mwanzo yalikuwa makosa. Tunayaandika kwa ajili ya makuli, makarani na wenye maghala, na pia kwa wanaoshusha saruji, sukari na kreti za soda, maana mgongo ni ule ule.

Kosa la kwanza lilifanyika ndani ya dakika tano. Watu wawili walimshika mabega wamnyooshe kwa nguvu. Misuli ya mgongo inapokaza namna ile inalinda mahali palipoumia, na ukiilazimisha inakaza zaidi. Alitakiwa aachwe atafute mkao wake mwenyewe, kisha asaidiwe kushuka taratibu alale chali, miguu ikiwa juu ya gunia, magoti na nyonga zimekunjwa kama za mtu aliyekaa kitini. Mkao huo huupumzisha mgongo wa chini. Baada ya muda mtu hugeuka ubavu na kujiinua kwa nguvu za mikono. Badala yake alipakiwa kwenye bodaboda, akarushwarushwa njia nzima ya vumbi mpaka nyumbani.

Huko akalazwa kwenye mkeka siku tisa, asiinuke ila kwenda msalani. Familia ilifanya hivyo kwa upendo, na zamani hata madaktari waliagiza hivyo hivyo. Siku hizi ushauri umegeuka: kupumzika siku moja au mbili kunatosha, kisha mtu atembee kidogo kidogo ndani ya uwezo wake, kwa sababu mgongo usiotumika unakakamaa na misuli yake inalegea. Kila jioni alichomwa sindano ya diklofenaki na mtu wa duka la dawa. Maumivu yakanyamaza, akaamini amepona, na siku ya kumi akarudi kubeba. Kufikia adhuhuri alikuwa chini tena, safari hii maumivu yakiteremka kutoka kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo.

Hapo tuseme jambo moja bila kuzunguka. Wabebaji wengi humeza diklofenaki asubuhi, tumbo likiwa tupu, ili wamalize siku. Dawa hiyo hainyanyui gunia. Inakunyima taarifa kwamba umefika mwisho, na ikitumika kila siku inachoma utumbo na kuumiza figo. Ukiona huwezi kuanza kazi bila kidonge, mgongo wako umeshaumia, hata kama bado unabeba.

Mara ya pili ilimgharimu wiki kumi na moja. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, wiki kumi na moja ni karo ya muhula, ni kodi ya nyumba, ni mbuzi wawili waliouzwa kabla ya wakati wao. Kilichomuuma zaidi, alivyosema baadaye, ni minong'ono ya baadhi yetu kwamba anajilegeza. Mgongo hauna bandeji wala damu, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kuthibitisha kwamba anaumwa. Hilo lilikuwa kosa letu, na halikuwa dogo.

Fedha nyingine ilipotea kwenye picha ya eksirei. Eksirei huonyesha mifupa. Misuli, mishipa ya fahamu na gegedu zilizo kati ya pingili hazionekani humo, na kwa mtu aliyetegua mgongo kwa kuinua mzigo mara nyingi haibadilishi matibabu. Aliyemsaidia alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, aliyempima kwa mikono tu. Alimgonga chini ya goti na nyuma ya kisigino kwa kinyundo. Alimwinua mguu ulionyooka akiwa amelala chali, akitazama ni wapi maumivu yanaanza. Kisha akamwambia atembee kwa visigino, halafu kwa vidole. Baada ya hapo akamuuliza maswali ambayo kila mtu ghalani anapaswa kuyajua: je, kuna ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli? Je, mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila habari? Je, mguu umekosa nguvu, unyayo unaburuta? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu huenda mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na ikikaa hivyo muda mrefu madhara hayarudi nyuma. Mwenzetu hakuwa na dalili hizo. Lakini siku tisa alizolala mkekani hakuna aliyemuuliza.

Mtaalamu huyo ndiye aliyetufungua macho kuhusu lile gunia la hamsini. Jaribu mwenyewe: jaza maji jerikeni ya lita 5, ikumbatie tumboni. Unaweza kusimama nayo ukipiga soga. Sasa nyoosha mikono uishike mbele yako. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini kabla hujahesabu hadi thelathini mgongo wa chini umeanza kulalamika. Misuli inayoushikilia uti wa mgongo iko nyuma yake, kwa umbali wa kama sentimita 5 tu. Mzigo uko mbele. Ni kama ubao wa bembea ambao upande mmoja ni mrefu sana na mwingine ni mfupi: aliye upande mfupi lazima avute mara nyingi zaidi. Gunia la kilo 50 lililolala sakafuni, kwa jinsi lilivyo pana, kitovu chake huwa kama sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo wa anayeliinua. Gawanya 40 kwa 5 upate 8. Misuli inavuta kana kwamba inainua kilo 400, na bado hujahesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama juu yake. Nguvu yote hiyo inakandamiza gegedu za pingili mbili za mwisho, pale juu kidogo ya nyonga, ambapo makuli karibu wote huonyesha kidole wakiulizwa panapouma.

Ongeza kujipinda. Gegedu hizo hustahimili kukandamizwa wima kuliko kukandamizwa huku zikisokotwa. Kuinama, kunyanyua na kugeuka kwa mwendo mmoja, kama alivyofanya mwenzetu, ni mambo matatu ambayo kila moja mgongo ungelivumilia peke yake.

Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ina hesabu inayotumika sana ya kupima mzigo wa kuinuliwa kwa mikono. Inaanza na kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo umegusa mwili, uko kimo cha kama sentimita 75 kutoka chini, hakuna kujipinda, na hauinuliwi mara kwa mara. Kila hali inapoharibika, kilo zinakatwa. Ukiupeleka mzigo sakafuni na kitovu chake kikawa sentimita 40 mbele yako, kiasi kinachopendekezwa kinashuka hadi kama kilo 11. Jipinde nyuzi 45, kinabaki kama kilo 9 na nusu. Sisi tulikuwa tunainua hamsini.

Hesabu hiyo ilituonyesha kwamba tulikuwa tunatazama kusiko. Siku zote ghalani watu huuliza gunia lina kilo ngapi. Swali linaloumiza au kuokoa mgongo ni gunia liko wapi: juu au chini, karibu au mbali.

Kabla ya kuelewa hivyo tulipoteza msimu mzima. Bosi, kwa nia njema, alilipia mafunzo ya nusu siku. Mkufunzi akatufundisha kukunja magoti na kunyoosha mgongo, akabandika picha ukutani. Kila mtu akanunuliwa mkanda mpana wa kiunoni. Msimu uliofuata wengine wawili wakaumia, mmoja akiwa amevaa mkanda wake.

Picha ile haikuwa na uongo, ila mzigo uliochorwa ulikuwa kisanduku kidogo chenye vishikio, kinachoingia katikati ya magoti. Gunia la mahindi haliingii katikati ya magoti ya mtu yeyote. Ukichuchumaa mbele yake, magoti yako ndiyo yanayolisukuma mbali, na mkono wa bembea unarefuka. Zaidi ya hapo, kuchuchumaa na kuinuka na kilo 50 kunachosha mapaja upesi sana. Kufikia gunia la kumi mtu anarudi kuinama kama alivyozoea, na huwezi kumlaumu. Kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima, halikuona mwaka 2011 kwamba kuwafundisha watu namna ya kuinua, peke yake, kunazuia maumivu ya mgongo. Kuhusu mikanda, NIOSH ilisema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inamlinda mtu mzima wa afya. Tatizo la mkanda ni kwamba unampa mtu ujasiri wa kubeba kisichobebeka. Pesa ile ingenunua mbao.

Na mbao ndizo zilizotuokoa, ingawa hazikuletwa kwa ajili yetu. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na tangu hapo wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wakawa wanauliza mahindi yamehifadhiwaje. Gunia lililolala kwenye saruji hunyonya unyevu na kuota ukungu. Bosi akanunua paleti ili magunia yasiguse sakafu. Siku ya kwanza zilipopangwa, wabebaji wenyewe waligundua kwamba safu ya chini imekuwa rahisi kidogo kushika, kwa sentimita 15 tu za kimo cha paleti. Mmoja akauliza kwa nini tusipange paleti tano, moja juu ya nyingine. Tano mara kumi na tano ni sabini na tano: kimo kile kile ambacho hesabu ya NIOSH inakitaja kuwa bora.

Tulianza na jukwaa moja la paleti tano karibu na mlango, zilizofungwa kwa waya na kupigiliwa misumari zisiteleze, na ubao mpana juu ili pasiwe na pengo la kunasa vidole. Kila gunia linaloingia, kabla ya kwenda popote, linawekwa hapo. Kutoka hapo linasukumwa juu ya ubao mpaka kwenye mizani, ambayo nayo tumeinua ifikie kimo kile kile. Kusukuma kilo 50 juu ya ubao laini ni kazi ya mtu mmoja na hakumgharimu mgongo. Ubao ukianza kuchanika nyuzi, upigwe msasa. Gunia likikwama mtu hulivuta kwa mkupuo, na mkupuo ndio huo huo ulioumiza watu sakafuni.

Kushusha kutoka kwenye lori kulikuwa tayari na busara ambayo hatukuijua. Bodi ya lori iko juu kama kifua cha mtu mzima. Mbebaji huipa kisogo, watu wawili waliomo ndani humwekea gunia juu ya mabega na mgongo wa juu, naye anaondoka wima. Uzito umekaa juu ya uti wa mgongo badala ya mbele yake. Yanayoharibika hapo ni machache lakini makali. La kwanza ni gunia kuangushwa badala ya kuwekwa: walio juu wakichoka huliachia likiwa bado na pengo la shibiri moja, na pengo hilo linageuka pigo. Tumeweka utaratibu kwamba mbebaji ndiye anayesema "lete", na hakuna mkono unaoachia kabla hajasema "nimepata". La pili ni ubao wa kupandia. Ukilowa mvua huwa kama sabuni, na mtu aliyeteleza akiwa na kilo 50 mabegani hujipinda bila hiari kuokoa mzigo. Pigilia vipande vya mbao kila sentimita 30 au 40, mwaga mchanga, na mvua ikiwa kubwa simamisha kazi. La tatu tunalisema kwa msisitizo: mzigo ukianza kukuponyoka, uache uanguke. Mahindi yanafagiliwa.

Kuinua kwa watu wawili kuna hesabu yake inayodanganya wengi. Nguvu za watu wawili hazijumlishwi tu. Mwongozo wa Uingereza unakadiria kwamba wawili kwa pamoja wanamudu kama theluthi mbili ya jumla yao, kwa sababu hawalingani kimo wala mwendo. Mwongozo huo huo unamkadiria mwanamume kilo 25 kwa kimo cha kiuno mzigo ukiwa karibu, kwa hiyo wawili ni kama kilo 33. Kilo 50 za sakafuni, hata mkiwa wawili, bado ni nyingi. Ikibidi, chagua wenzi wanaolingana kimo. Kwanza lisimamisheni gunia wima kwa kulizungusha juu ya ukingo wake wa chini, bila kulinyanyua. Kila mmoja ashike sikio moja la juu kwa mkono mmoja na kona ya chini kwa mwingine, mguu mmoja mbele ya mwingine, gunia likigusa paja. Mmoja tu ndiye anayehesabu. Inukeni, tulieni nukta moja, ndipo mgeuke kwa kusogeza nyayo. Kiuno kisizunguke huku miguu imeganda. Vidole vya miguu vielekee kule mzigo unakokwenda.

Upangaji wa magunia ulimuumiza mtu mmoja kabla hatujaweka kikomo. Gunia la kilo 50 lililolala lina unene wa karibu sentimita 20, kwa hiyo safu sita juu ya paleti hufika kama sentimita 135, usawa wa mabega ya wengi. Tukiishia hapo, mbebaji anainamisha bega na gunia linatelezea mahali pake. Safu ya saba na ya nane zilihitaji kulirusha juu ya kichwa huku mgongo umepinda kwa nyuma. Stoo ikijaa na mkalazimika kwenda juu, jengeni ngazi ya magunia yenyewe, kila hatua gunia moja, ili anayepanga awe siku zote amesimama kwenye safu iliyo chini kidogo ya ile anayoipanga.

Toroli la magurudumu mawili tulilidharau kwa muda mrefu kwa sababu sakafu ilikuwa na mashimo. Mifuko michache ya saruji na siku moja ya fundi ilimaliza kisingizio hicho. Linabeba magunia mawili kwa mara moja. Siri ni kuliinamisha mpaka uzito ukae juu ya ekseli, na kulisukuma, si kulivuta, kwa sababu anayevuta hulazimika kujipinda kutazama mbele. Magurudumu ya upepo yakikosa upepo, toroli linageuka adui. Karani wetu huyabonyeza kila Jumatatu.

Sasa uzito wenyewe. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinasema gunia litakalopakiwa na kushushwa na binadamu lisizidi kilo 50. Mapema zaidi, mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mtu mzima mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Hizo ni dari za mwisho, na hesabu tulizotaja zinaonyesha jinsi zilivyo juu ya kile mgongo unachokipenda. Lakini vijijini bado zinakuja lumbesa za mia na mia na ishirini, zimeshonewa kilemba cha nyavu juu. Tulipoanza kuzikataa, madalali wawili walituhama kwa msimu mmoja. Tulichofanya ni kumwambia muuzaji kabla hajapakia, kwa simu, kwamba lumbesa itafunguliwa juu ya lori na kugawanywa, na gharama ya magunia ya ziada na muda ni yake. Wengi wakaanza kushona hamsini hamsini.

Kulikuwa na jambo gumu kuliko magunia yote: malipo kwa gunia. Mtu anayelipwa kwa kila gunia anashindana na mwenzake, haombi msaada, hasubiri toroli, na habanduki kupumzika. Tulijadiliana na bosi miezi miwili. Akakubali kulipa kundi zima kwa lori, wagawane sawa. Kasi ya mbio za asubuhi ilipungua, lakini lori linamalizika kwa muda ule ule, kwa sababu saa za mchana hazina tena watu waliochoka hoi. Wabebaji wenye nguvu zaidi hawakupenda mwanzoni, na tunaelewa. Kijana wa miaka ishirini na mbili haoni kwamba mgongo una kikomo.

Kuna saa pia ya kuheshimu. Usiku mtu akilala, gegedu za uti wa mgongo hunyonya maji na kujaa. Asubuhi zimetuna na zinaumia kirahisi mtu akiinama. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja na kuinamia mzigo saa kumi na moja na nusu anajitafutia balaa. Siku hizi saa ya kwanza ni ya kufagia kwa ufagio wa mpini mrefu, kupanga paleti, kufungua vitabu. Taniboi na madereva wana hatari nyingine: wamekaa na kutikiswa tangu Iganga, wanaruka chini na papo hapo wanavuta gunia. Watembee dakika kumi kwanza.

Tulichelewa kuwatazama akina mama wanaopepeta na kuchambua, kwa sababu hawabebi magunia. Wanakaa kwenye vigoda vifupi siku nzima, na kila baada ya dakika chache wanajipinda kuinua karai lililojaa. Mgongo unachakaa kwa kidogo kidogo kama kwa kikubwa. Meza ya kuchambulia yenye kimo cha kiuno, karai kujazwa nusu tu, na mjamzito kutoinua kabisa: hayo hayakugharimu chochote cha kuhesabika.

Kuhusu sheria, Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inayomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi kwa aliyeumia kazini. Kinachowaangusha wengi ni kukosa maandishi. Mgongo ukiuma Jumanne na ukatajwa Ijumaa, mwajiri atauliza kama hukuumia shambani kwako. Weka daftari mlangoni: tarehe, saa, mzigo upi, ulikuwa wapi, nani aliona. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, weka karatasi za hospitali, na mkishindwa kuelewana nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mwenzetu hakuwa na karatasi hata moja kuhusu siku ya kwanza.

Kurudi kwake kulipangwa upya na yule mtaalamu, na ndio utaratibu tunaoutumia kwa kila aliyeumia. Wiki mbili za mwanzo alisimama kwenye mizani na kuhesabu, akibadilisha mkao kila nusu saa na kutembea nje. Kisha akashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, juu ya jukwaa. Baadaye akainua debe nusu kutoka mezani, kisha debe zima, kisha toroli. Kila hatua ilikaa wiki moja au zaidi. Maumivu kidogo yanayokwisha kufikia asubuhi yalikubalika; maumivu yanayoteremka mguuni yalimrudisha hatua moja. Leo anabeba kutoka bodini, wima, lakini haokoti kitu sakafuni.

Hakuna anayeokota sasa. Magunia bado yanaanguka, mara mbili tatu kwa siku wakati wa msimu. Likianguka, linaachwa lilipo na mtu mmoja anakata uzi wa mdomo. Mahindi yanachotwa kwa debe la lita 20, nusu nusu, kama kilo saba hivi kwa mkono, yanamwagwa kwenye gunia jipya lililosimamishwa juu ya jukwaa, na linashonwa hapo hapo. Kazi hiyo inachukua dakika tano. Shazia inaning'inia kwenye msumari, ukuta ule ule.